Mche Uliopandwa na Mche Uliopona

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), ambaye huihuisha ardhi kwa mvua baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake.



Huku Mbulu mawingu ya vuli yameanza kukaa juu ya vilima, na kama ilivyo ada, pamoja na mvua huja msimu wa kupanda miti. Misikiti itapanda, madrasa zitapanda, shule na ofisi za vijiji zitapanda. Kila halmashauri nchini imepangiwa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na hapana shaka taarifa zitaandikwa na picha zitapigwa. Hilo ni jambo la kheri, nasi hatuna neno nalo. Tunaloliuliza katika safu hii ya leo ni swali moja dogo, ambalo tungependa kila baba, mama na kijana alijibu kwa kutazama ua wa nyumba yake mwenyewe: katika miche iliyopandwa miaka miwili iliyopita, ni mingapi iliyo hai leo?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya hadithi mashuhuri aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba Muislamu akipanda mti au akaotesha mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala kutokana nao, basi kwake huyo aliyepanda huwa ni sadaka. Wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa. Lakini tukiitazama vizuri, tunaona kwamba baina ya kupanda na sadaka kuna kuliwa, na hakuna anayekula kutokana na kijiti kilichokauka mwezi wa Agosti. Nia njema ina malipo yake kwa Allah, wala hatuthubutu kuyapunguza. Ama sadaka yenye kuendelea, hiyo inataka mti ulio hai.

Huenda msomaji akatukumbusha hadithi nyingine, ile inayomuamrisha mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama, ikiwa ataweza. Atasema: basi matokeo si juu yetu, sisi ni kupanda tu. Tunamjibu kwa upole kwamba hadithi hiyo inamfunza mja asiache kheri iliyo katika uwezo wake kwa kisingizio kwamba muda umekwisha. Mtu ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi hana jingine awezalo isipokuwa kuutia ardhini. Mtu ambaye ana miezi mitano ya kiangazi mbele yake, na ana ndoo, na ana mikono, bado analo aliwezalo.

Mkataba wa Salman

Mfano ulio bora zaidi katika jambo hili ni kisa cha Salman al-Farsi (r.a.), kilichopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad. Salman alikuwa mtumwa mjini Madina. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aandikiane mkataba wa uhuru na bwana wake, na bwana yule akataka mitende 300 pamoja na uqiya 40 za dhahabu. Sharti la mitende halikuishia kwenye kuichomeka ardhini tu. Lilikuwa kuiotesha mpaka iwe hai. Masahaba wakamsaidia kwa miche, huyu akaleta 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mmoja kwa kadiri ya alichonacho. Mtume (s.a.w.) akamwambia akachimbe mashimo kwanza, na akimaliza amjulishe. Salman na wenzake wakachimba. Ndipo Mtume (s.a.w.) akaenda, na akaiweka miche ile mahali pake kwa mkono wake mtukufu. Salman anaapa kwamba haukufa hata mche mmoja.

Baraka ya mkono wa Mtume (s.a.w.) hatuwezi kuifikia. Lakini utaratibu wa kazi ile tunaweza kuufuata: mashimo yalitangulia, kila mtu akachangia alichokiweza, mkubwa wa watu akashika kazi kwa mkono wake, na hesabu ikafanywa kwa miti iliyoishi. Uhuru wa mwanadamu ulikuwa umefungwa katika uhai wa mimea ile. Lau mitende ingekauka, asingekwenda Salman kwa bwana wake na taarifa ya idadi ya mashimo.

Mti gani?

Katika nyanda hizi za juu, miti tunayoizoea kuipanda ni mikaratusi, misaiprasi na migrevilea. Yote ililetwa kutoka mbali. Ina faida zake, na aliyejengea nyumba nguzo za mkaratusi hatumlaumu. Ila mkaratusi ni mnywaji mkubwa wa maji, na kuupanda kando ya chemchemi ni kumdhulumu anayechota hapo. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye kuathiri vyanzo vya maji ndani ya mita 60.

Miti ya asili ya nchi yetu imebaki kwenye hifadhi kama msitu wa Nou, ulio kati ya Mbulu na Babati, na katika miteremko ya mlima Hanang. Kwingineko ilikatwa kwa mashamba, kuni na mkaa, na wakati wa Waingereza vichaka vingi vilifyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o. Wazee wa Kiiraqw wa Kainam walijifunza zamani kuushikilia udongo wa miteremko kwa makingo na kuurutubisha kwa samadi ya ng'ombe, na maarifa hayo tunayo bado. Tunachokosa majumbani ni miti yenyewe.

Hapa hatuna budi kusema neno kuhusu Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliua watu zaidi ya 80. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima ilijaa maji ikameguka. Hatutamwambia aliyefiwa kwamba miche michache ingeyazuia hayo, kwa kuwa hatuna elimu hiyo, na ni kumwongezea uchungu. Allah awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki. Tunalolijua kwa hakika ni dogo zaidi: mizizi huushika udongo wa juu wa shamba, na majani huyapokea matone ya mvua kabla hayajaipiga ardhi. Hilo linatosha kuwa sababu ya kupanda.

Kwa ua wa nyumba ya familia tunapendekeza miti miwili ya asili. Wa kwanza ni mringaringa. Mti huu hukua kwa haraka kiasi, hutoa maua meupe yapendwayo na nyuki, majani yake mapana hurutubisha ardhi yanapooza, na mbao zake mafundi wanazijua kwa milango na samani. Huo ni mti ambao aliyeupanda anaweza kukaa chini ya kivuli chake akiwa bado na nguvu.

Wa pili ni mzeituni mwitu, ambao ndugu zetu Wamaasai huuita oloirien. Huu ni ndugu wa damu wa mzeituni ule ambao Allah ameuapia katika Surat At-Tin na akautaja kwa baraka katika Surat An-Nur. Matunda yake ni madogo na hayana mafuta ya kutosha kukamua, lakini ndege huyapenda. Vijiti vyake hutumika kwa kupigia mswaki, na wafugaji hutumia kijinga chake kufukizia vibuyu vya maziwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wameutaja mzeituni miongoni mwa miti ifaayo kwa siwaki, kwa hiyo mwenye mti huu uani ana sunna karibu na mlango wake. Huvumilia ukame ukishakomaa, na huishi miaka mingi sana. Ila hukua polepole. Usishangae ukimaliza mwaka wa pili haujafika kifuani mwa mtu mzima. Anayeupanda mzeituni mwitu anawapandia wajukuu, na ni vyema alijue hilo tangu siku ya kwanza ili asikate tamaa.

Kabla ya mvua na siku ya kupanda

Miche itafutwe mapema katika vitalu vya halmashauri au vya watu binafsi. Mzeituni mwitu ni mgumu kuota kwa mbegu kwa sababu ya kokwa lake. Ndege hula tunda na kuiangusha mbegu chini ya miti mingine, hivyo mwenye mti huo shambani kwake aangalie vivulini, huenda akakuta miche iliyoota yenyewe. Aing'oe ikiwa midogo, pamoja na udongo wake, baada ya mvua, aitie kwenye viriba na kuiweka kivulini mpaka ishike. Kuingia katika hifadhi ya msitu na kung'oa bila kibali ni kuchukua kisicho chako, na haifai kuanza sadaka kwa kosa.

Mashimo yachimbwe wiki mbili au tatu kabla, upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, na ule wa chini upande wa pili. Ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Mche wenyewe uzoeshwe jua na upunguziwe maji kidogo kidogo katika wiki za mwisho, ili usishtuke utakapotoka kitaluni.

Tusikimbilie mvua ya kwanza. Tungoje mpaka ardhi ilowe kwa kina cha mkono, kisha tupande jioni au siku ya mawingu. Kiriba kichanwe na kuondolewa chote, na wala kisiachwe ardhini. Mizizi iliyojizungusha chini ya kiriba ikatwe kwa kisu kikali, maana ikiachwa itaendelea kujizungusha hata mti ukiwa mkubwa. Mche ukae kwa usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, bila shina kufukiwa. Udongo ushindiliwe kwa mikono, na kuzunguka mche kufanywe kisahani cha kushikia maji.

Mringaringa upandwe mbali na ukuta wa nyumba na choo, si chini ya mita tano, na mbali na mpaka wa jirani vilevile. Kivuli kikubwa juu ya mahindi ya mwenzako ni madhara, na dini yetu imekataza kudhuru. Akiridhia jirani, mti wa mpakani utawafaa wote wawili. Katika wilaya yetu majirani zetu wengi si Waislamu, na hadithi tuliyoitaja haikubagua mlaji: imetaja mtu, ndege na mnyama. Kivuli hakimuulizi mtu dini yake.

Misimu miwili ya kiangazi

Kazi iliyobaki ndiyo ndefu. Adui wa kwanza wa mche huku kwetu ni mbuzi, naye huyapenda mno majani ya mzeituni mwitu. Uzio wa miiba uwekwe siku ileile ya kupanda, kwa kuwa mbuzi mmoja huweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika moja. Majani yapaliliwe kwa duara la mita moja kuzunguka mche. Duara hilo litandazwe nyasi kavu au mabua ya mahindi ili kuhifadhi unyevu, lakini matandazo yasiguse shina, maana huvutia mchwa na kuozesha gome. Mchwa wakionekana, majivu ya jikoni yakimwagwa kuzunguka husaidia kuwapunguza. Kilele cha mche kisikatwe. Matawi ya chini yatapunguzwa baadaye, mti ukishapita kimo cha mtu.

Kisha kuna maji. Mvua za masika zikiisha mwezi wa Mei, inakuja baridi kavu na upepo, halafu jua la Septemba na Oktoba. Mche mchanga unahitaji takriban ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, ukimwagiwa taratibu jioni. Ni bora maji mengi mara chache kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji yanayozama hushusha mizizi chini, na maji ya juujuu huipandisha mizizi mahali ambapo jua litaiua.

Maji hayo yatoke wapi? Hapa tunayo hazina ambayo huimwaga mara tano kwa siku. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Tuchukue familia ya watu watano wanaotawadha nyumbani mara tatu kwa siku, kila mmoja kwa lita moja: hizo ni lita 15. Wakitawadhia juu ya beseni na kuokoa lita 10 tu, kwa wiki wanapata lita 70. Mche mmoja unataka lita 20. Basi familia hiyo inaweza kuitunza miche mitatu kwa maji ya udhu peke yake, bila kuongeza safari hata moja ya kisimani. Kwa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni twahara ingawa hayatwaharishi tena, hivyo kumwagilia mti ni matumizi mema kwayo. Maji ya kustanjia na ya sabuni nyingi yasichanganywe humo.

Hesabu hiyo ina jambo lingine ndani yake, nalo ni zito kuliko la maji. Katika nyumba zetu nyingi, mwanamume hupanda mti mbele ya watu, na mwanamke huubebea maji kichwani miezi mitano bila ya mtu kumuona. Mabinti huongezewa safari ya kisimani kwa ajili ya thawabu ya baba yao. Tunasema wazi kwamba hiyo siyo sadaka iliyonyooka. Anayetaka malipo ya mti na aubebe mzigo wake, au augawe kwa uadilifu kwa wote wa nyumbani, wavulana na wasichana, naye mwenyewe akiwa wa kwanza. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Ndoo ya mche haimshushii mwanamume heshima.

Ndiyo sababu tunawashauri wazazi wapande michache. Miche mitatu iliyokabidhiwa watoto watatu, kila mtoto na wake, ni bora kuliko miche 30 isiyo na mwenyewe. Mtoto afundishwe kupima urefu wa mche wake kila mwezi kwa uzi, kukagua uzio, na kumwarifu mzazi anapoona majani yananyauka. Humo atajifunza maana ya amana kwa mikono yake, jambo ambalo sisi walimu hulisema sana darasani na hatuwezi kulionyesha kwa ubao. Mche ukifa pamoja na jitihada yake, asikemewe. Atafutiwe mwingine msimu ujao, apande palepale.

Kwa kamati za misikiti tuna pendekezo moja. Taarifa ya miti isisomwe siku ya kupanda. Isomwe baada ya Ijumaa ya kwanza ya vuli ya mwaka wa pili, kiangazi cha pili kikiwa kimekwisha, na ihesabiwe miti iliyo hai tu. Katika daftari, mbele ya kila mche, liandikwe jina la nyumba iliyoubeba. Mwenye kupanda miche mitano ikapona minne atajwe mbele ya aliyepanda mia ikapona kumi, kwa sababu huyu wa kwanza ndiye aliyetufundisha namna ya kutunza. Na miche itakayopandwa katika eneo la msikiti ipangiwe zamu kama zinavyopangwa zamu za usafi, tangu kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Pasipopatikana mtu wa zamu, shimo hilo lisichimbwe mwaka huu.

Ndugu wasomaji, mvua ni ya Allah na uhai ni wa Allah, nasi hatuna katika mti isipokuwa shimo, uzio, ndoo na subira. Wiki hii, kabla ya mawingu kumwaga, chimbeni mashimo kwa idadi ya maji mliyonayo. Tunamuomba Allah (s.w.) atupe mvua yenye manufaa isiyo na madhara, aikubali miche yetu, na aifanye kuwa kivuli kwa wanaokuja baada yetu.

Wabillahi tawfiq.